Kinoa ya Mistari ya Chini

Mwakirunge, alasiri

Mayo Sidi,

Kinoa yako ya mistari ya chini haikufa kwa kiu. Niliiua mimi, kwa maji. Nimekuficha jambo hili tangu kaskazi iliyopita, na kesho asubuhi unaondoka kwenda Bamba umebeba jibu lisilo la kweli, nililokupa mimi kwa mdomo wangu. Ndiyo sababu nimeomba kalamu sasa hivi, wakati umekwenda kuwaaga watu wa kanisani, kabla mkono haujachoka na kabla moyo haujapata visingizio vipya.

Sitakuandikia habari za kula, kulala wala kuangalia mizigo garini. Shangazi yako Kadzo ameyasema hayo yote tangu juzi, na mengine ameyarudia. Mimi nina hili moja, na mengine yanayolizunguka.

Jana nilikusikia ukizungumza naye jikoni. Mlidhani nimelala.

“Nitawaambia ukweli, shangazi. Kama hawana maji ya kila wiki, wasijichoshe.”

“Na wanayo hayo maji?”

“Wana bwawa la mvua tu, na hilo lenyewe wanagombania na ng’ombe.”

“Sasa mwanangu, wewe waendea nini?”

“Naenda kuwaambia wasipande.”

Ukacheka. Nakijua kicheko chako tangu ungali mchanga, na kile hakikuwa chenyewe. Nikalala nikiutazama mwamba wa paa, nikiwaza habari za wale akina mama wa Bamba wanaokungoja. Wametenga shamba, wamengojea mbegu, na anayewajia ni binti yangu mwenye elimu ya kilimo, kuwaambia kwamba ardhi yao haiwezi. Watakuamini. Una sura ya mtu wa kuaminiwa. Nami ndiye niliyeyatia maneno hayo kinywani mwako.

Nianze ulikoanzia wewe. Ulipokuja na kile kifuko cha mbegu, punje ndogo kuliko mtama, ukaniomba kipande cha juu ya nyumba, kile kinachoteremka kutoka ukuta wa machimbo ya mawe, nilikupa kwa sababu hakikuwa na thamani kwangu. Mahindi yangu yalikuwa yameungulia pale misimu chungu nzima. Hata korongo wa kule jaani, ambao hula kila kitu, walikuwa wakipita juu yake bila kutua. Nilidhani utacheza nacho kidogo kisha utachoka, kwani kazi yako ya ghalani ilikuweka Port Reitz wiki nzima, ukija kwetu Jumamosi tu. Hukuchoka. Ulikuja na jembe lako mwenyewe, hukuligusa langu. Uliondoa mawe ukayapanga kukingama mteremko, na kabla ya kupanda uliilowesha ardhi hadi ikashiba.

Zilipoota, Bi Rehema jirani yetu alikuja ugani, mikono kiunoni.

“Sidi, mbona walima mchicha kwenye majabali?”

“Shikamoo, Bi Rehema. Si mchicha, ni nafaka. Yaitwa kinoa.”

“Marahaba. Nafaka ya majani? Wallahi nyinyi watu wa chuo mna mambo.”

Wiki ile ile akachuma bila kuuliza, akapika kwa nazi, na Jumamosi akakujia na bakuli tupu. “Mwanangu, ile nafaka yako tumeila na samaki. Tamu kweli.” Mimi nilikuwa nimeshafungua kinywa nimkaripie. Wewe ulimshika mkono, ukampeleka shambani, ukamwonyesha miche iliyosongamana. “Chuma hii, Bi Rehema. Hii na hii. Ile iliyosimama peke yake uniachie.” Kuanzia siku hiyo mwizi wako akawa mpunguzaji wako wa miche, na tena akawa akiwafukuza mbuzi wa watu. Nilifundisha shule ya upili hadi nikastaafu, mayo, na sikuwahi kumgeuza mkorofi mmoja kuwa msaidizi kwa wepisi ule. Niliingia ndani nikakaa kitandani nikitabasamu peke yangu kama mjinga. Sikukuambia. Hilo nalo nimelificha, kumbe.

Kisha ukanipa masharti. Ulinichuchumaza pale, mimi na magoti yangu haya, ukachomeka kidole chako udongoni mpaka kifundo cha pili, ukaniambia nami nichomeke.

“Wasikia ubaridi?”

“Nausikia.”

“Basi ina maji. Usiiangalie majani, baba, angalia chini. Ikishatoa majani yake ya kwanza tunaifungia maji. Tutaipa tena ikianza kutoa vichwa, na tena punje ikiminywa ikatoa maziwa. Basi.”

“Na katikati?”

“Katikati itajitafutia. Ukiipa kila siku, mizizi itakaa juu juu ikingoja kuletewa.”

Nikaitikia kama mwanafunzi. Ulikuwa ukisema kwa utulivu, bila kujisikia, na nilitamani wenzangu wa zamani wangekuwapo wasikie unavyofundisha.

Ilipoanza kutoa vichwa, yule kijana wa mkokoteni wa maji hakuja. Mabomba yalikuwa makavu Kisauni nzima. Ulichota kisima cha Bi Rehema, kile ambacho hata chai yake ina chumvi, na watu wakaja kukutazama ukiharibu shamba lako kwa mikono yako. Mimi mwenyewe nilikuambia utaiunguza. Ulinigeuzia jani moja ukanionyesha ule ungaunga mweupe chini yake. “Chumvi yake yaiweka hapa, baba. Imejaliwa hivyo.” Na haikuungua. Nimesomesha watoto wa watu habari za jangwa, nikiwachorea ubaoni mimea ya nchi kavu, na hapo ndipo nilipouona mmoja ukifanya kazi yake mbele ya macho yangu, umeletwa na mwanangu.

Nikikumbuka hayo naona haya zaidi kwa yanayofuata.

Saa za mchana, jua lilipokuwa limesimama, kinoa ilikuwa ikilegea. Majani yalining’inia kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Nilijua sababu. Niliifundisha maisha yangu yote: jani hulegea likifunga milango yake ili lisipoteze maji, na jua likipungua hujiinua tena. Jioni nilikuwa nikitoka kuangalia, na kweli, imejiinua. Lakini kesho mchana ikilegea tena nilikuwa nasahau habari za jioni. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu kibarazani, sina kazi nyingine ila kuitazama, na kila siku ilikuwa kama inaniita.

Asubuhi moja nilichukua mtungi mdogo, ule wa mafuta ya kupikia, nikaujaza pipani. Sikuweza kupanda mteremko. Nilitia upande wa chini, ulio karibu na nyumba, pale udongo unapogeuka kuwa mzito na maji hayaendi popote. Mstari wa kwanza mwanzo hadi mwisho. Siku iliyofuata nikatia tena. Kadzo alinikuta nimeinama.

“Kaka, si umekatazwa hiyo?”

“Naosha miguu.”

“Miguu ya nani, yako au ya kinoa?”

Akaenda zake akicheka. Nadhani alisahau. Usimlaumu, hajui zaidi ya hapo.

Lazima nikuambie kwamba hii ni tabia yangu ya zamani, usije ukadhani ni uzee. Darasani sikuweza kumwacha mtoto asimame mbele ya ubao amekwama. Nilikuwa nikimnong’onezea nusu ya jibu, naye akarudi kukaa akipigiwa makofi, na kesho yake hajui kitu. Wenzangu waliniita mpole. Wewe nilikuharibia kwa njia hiyo hiyo. Ramani ya mto uliyopatia tuzo darasa la sita niliichora mimi, ulipokuwa umesinzia mezani. Ulipoamka ukaiona imekamilika, hukufurahi. Ulisema, “Sasa yangu iko wapi, baba?” Mama yako, Mungu amrehemu, aliniangalia tu. Aliona mapema kuliko mimi. Ile tuzo hukuitundika, na nilijifanya sijui kwa nini.

Na sababu ya hayo yote nimeitafuta sana, nikiwa nimelala hivi ninavyolala siku hizi. Nadhani ni kwa sababu mimi mwenyewe nilipoachwa nijitafutie, sikumwelewa aliyeniacha.

Unajua kwamba nilikupa jina la mama yangu, na kwa hiyo, kama ilivyo desturi yetu, tangu siku ya kukupa jina hilo nakuita mayo. Watu wasiokuwa Wagiriama husikia mzee akimwita binti yake mama, wakacheka. Sisi hatuoni ajabu. Ulipokuwa mdogo ulijua kuitumia nafasi hiyo vizuri sana. Ulikuwa ukisimama mlangoni, kimo cha ndoo, ukisema, “Mwanangu Karisa, umekula?” nami nikiitika, “Naam mayo, bado,” ukaniletea kiazi kimoja baridi. Nilicheka, lakini haikuwa mzaha mtupu. Mtu akikuita mwanawe kila siku, sehemu fulani ya moyo humwamini.

Yule Sidi wa kwanza aliniacha niende. Tulikuwa huko huko Bamba unakokwenda. Nilipata nafasi ya chuo cha ualimu mwaka ambao mvua ilikuwa imekataa, baba yangu ameshafariki, na shamba halina mwanamume mwingine. Nilingoja aseme baki. Hakusema. Alinisindikiza mpaka barabarani akiwa na jembe begani, basi lilipotokea akaniambia, “Haya, panda,” kisha akageuka akaenda zake shambani hata gari halijaondoka. Nilimwona kupitia kioo, mgongo tu. Kwa muda mrefu nilimwona mama mkavu. Nilikuja kuambiwa na majirani, amekwisha kuzikwa, kwamba siku zile alikuwa tayari anaumwa kifua, na kwamba aliwakataza wote wasinitajie.

Nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima, na watoto wa watu mbele yangu, nilipojua kwamba ule mgongo ndio uliokuwa ukinisukuma. Nilijiapia kwamba siku ya mwanangu ikifika nitafanya kama yeye. Ni rahisi kuapa kama siku yenyewe iko mbali.

Sasa turudi shambani, kwenye Jumamosi uliyoukuta mstari wa kwanza umekufa. Ulifika na viatu vyako vya kazini, hukuingia hata ndani, ukaenda moja kwa moja kwenye mstari wa kwanza wa chini. Umekauka kama kuni. Mimi nilikuwa nimeacha kutia maji siku mbili kabla, baada ya kuona umelegea na jioni haujajiinua, na jua la kaskazi lilikuwa limeshamaliza kazi na kukausha udongo wa juu. Ulichimbua shina moja, ukalishika mbele ya uso.

“Baba, huu mzizi umeoza au umekauka?”

“Umekauka, mayo. Jua la wiki hii halikuwa la kawaida.”

“Hukutia maji?”

“Hata tone.”

Ulinitazama, ukakubali. Mimi ndiye niliyekufundisha kusoma. Kwa nini usingekubali? Tangu hapo umejenga kila kitu juu ya jibu hilo. Mstari wa pili ulipokufa, na wa tatu, ulisema maji yako ya kubana ndiyo yaliyoua. Ile ya juu iliyosimama, ukasema imeponea umande na kivuli cha ukuta wa machimbo. Ulikuwa ukijinyima sifa yako mwenyewe kwa haki kabisa, kwa uaminifu, kwa ushahidi wa uongo niliokupa mimi.

Basi sikiliza, na hili ndilo la kuwapelekea watu wa Bamba. Ile ya juu haikuponea kivuli. Ile ya juu ndiyo pekee niliyoshindwa kuifikia. Ilipata maji yako yale yale uliyoyapanga, kwa nyakati zako, hata yale ya chumvi, na katikati ikajitafutia kama ulivyosema, ikatoa vichwa vyekundu na vya manjano vizito mpaka Bi Rehema akaja kupiga picha. Ulikuwa sahihi tangu siku ile ya kidole. Waambie wapande. Waambie waloweshe ardhi vizuri mwanzo, kisha wayaweke maji ya bwawa mpaka vichwa na mpaka maziwa, na katikati wawaachie ng’ombe wao wanywe kwa amani. Waambie wasipande bondeni panaposimama maji. Na kama kuna mzee asiye na kazi anayekaa kibarazani karibu na shamba, wamhamishe kiti.

Waonyeshe na kuosha, maana hilo nalo hukufundishwa na mtu, ulilipata kwa kuteseka. Bado nacheka nikikumbuka sufuria ya kwanza. Tulivuna ile ya juu, ukapepeta kwenye uteo, ukapika siku hiyo hiyo kwa hamu. Nikaweka tonge mdomoni, uchungu ukanipanda hadi masikioni. Nikasema, “Nzuri.” Ukaonja yako, ukatema.

“Baba, mbona wanidanganya?”

Bi Rehema akachungulia sufuria, akaona povu. “Hiki ni chakula au ni cha kufulia?”

Jumamosi iliyofuata ulikaa ugani na beseni, ukisugua punje kwa viganja, ukimwaga povu, ukitia maji mengine, mpaka maji yakatoka safi. Ukapika tena. Tulikula na mchuzi wa kamba, Kadzo akakwangua ukoko, na Bi Rehema akapeleka sahani kwao bila kuaga. Nilikuangalia ukila kimya, jasho lingali usoni, na nikasema moyoni kwamba huyu hata nikifa leo hatakwama mbele ya ubao wowote. Wale wageni waliokuja kutafuta mtu wa kwenda Bamba walipokuuliza maswali, ulijibu hata yale yaliyokuumiza. Uliwaonyesha mistari iliyokufa kabla hawajaiona. Ndiyo maana walikuchukua. Mimi nilisimama pale na fimbo yangu, nikasikia binti yangu akijishtaki kwa kosa langu, nikamwacha aendelee.

Kuhusu mimi usiulize sana. Daktari amesema aliyosema, wewe ulikuwapo. Kadzo ananitosha kwa kazi za mwili, na Bi Rehema ananitosha kwa kelele. Ukifika Bamba ukasikia lolote, na ikiwa mvua yako ndiyo kwanza imeanza kunyesha na mbegu ziko mkononi, maliza kupanda kwanza. Hilo ni agizo, na ni la pekee katika barua hii.

Nimeandika kama vile nilitia maji kwa huruma, na hapa ndipo ningependa kuweka kalamu chini, maana mtu anaweza kusamehewa huruma. Kwa mstari wa kwanza ni kweli. Ilikuwa huruma na ujinga wangu wa siku zote. Lakini Jumamosi ile, baada ya kunitazama na kukubali, ulijifuta udongo mikononi ukasema, “Ikiendelea hivi, baba, wale wa Bamba wanaokuja kukagua shamba hawatanihitaji. Nitabaki hapa nawe.” Ukaingia ndani kuwasha jiko. Nilibaki nje na lile shina ulilolitupa. Nililiokota. Chini ya ganda lake kavu mzizi ulikuwa umeoza, laini, unanuka, na nikaelewa vizuri kabisa ni kitu gani kilichouua. Jumatatu ulipokwisha kuondoka kwenda kazini, nilijaza mtungi, nikaenda kwenye mstari wa pili.

Babako,
Karisa